Riwaya ya upelelezi iliyochanwa kurasa za mwisho: naomba msaada wa kuitambua, na tujadili

Gangilonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kamwene kwa wa nyumbani Iringa, na salamu kwenu wote wa Mbeya, Njombe, Songwe na kwingineko.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kitabu ninachokitafuta miaka mingi. La pili ni maoni yangu juu ya riwaya na tamthilia za upelelezi. Hilo la pili limezaliwa na la kwanza, kwa hiyo mnivumilie niyaeleze pamoja.

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kike wa kijiji kimoja cha huku Ilula. Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa lori la vitunguu. Safari moja walishusha mzigo Mbeya, akapita soko la Mwanjelwa kutafuta karanga za kutafuna njiani. Akamkuta muuzaji anafungia karanga kwa karatasi za kitabu, anazichana moja moja kuanzia nyuma. Baba mdogo alijua ninavyopenda kusoma. Akanunua karanga zake, akaomba na kitabu kilichobaki.

Ninacho mpaka leo. Jalada hakina, kwa hiyo jina lake silijui wala la mwandishi. Kinaanzia ukurasa wa 5 na kuishia wa 112. Kwenye ukurasa huo wa 112 mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, mvua inanyesha, anasema: "Aliyemuua mzee yumo humu ndani, na nitaanza na". Basi. Karatasi inaishia hapo.

Hadithi ni hivi. Mwenye duka katika mji mdogo wa bara anakutwa amekufa stoo, usiku wa mvua kubwa. Nyumbani walilala watu wanne: mke wake mdogo, mdogo wake wa kiume aliyekuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, karani wa duka, na dereva aliyepanga chumba cha uani. Kila mmoja ana maelezo yake. Yule mdogo mtu anasema alikuwa macho chumbani kwake mpaka saa saba, anasoma barua kwa mwanga wa chemli, na hakusikia kitu.

Mimi nilikisoma kitabu kile zaidi ya mara saba. Mara ya tano au ya sita ndipo nilipoona jambo. Ukurasa wa 31, jioni ya siku ileile, msichana wa kazi anamwambia mama mwenye nyumba kwamba mafuta ya taa yamekwisha, hata debe la dukani ni tupu mpaka lori lije, kimebaki kibatari kimoja cha jikoni. Msomaji mwingine angepita tu. Mimi sikupita, kwa sababu kupima mafuta ya taa nyumbani ilikuwa kazi yangu. Nilijua chemli ikiwaka mpaka saa nne imekunywa kiasi gani, nilijua utambi ukikauka unavyonuka, na nilijua mama atakavyouliza asubuhi. Chemli ya yule bwana iliwaka kwa mafuta gani? Nilikaa na kitabu mapajani, moyo unanidunda, baridi ya mwezi wa sita na bado natokwa jasho mikononi. Mdogo mtu amemuua kaka yake ili arithi duka.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja. Nikisoma riwaya ya upelelezi au nikitazama tamthilia, najiuliza: kurasa za mwisho zingechanwa kufungia karanga, msomaji makini angefika mwenyewe? Kama angefika, mwandishi amenitendea haki. Kama asingefika, hata kazi ikisifiwa namna gani, kwangu haijakamilika.

Tamthilia nyingi ninazowekewa kwenye flashi hapa mjini zinashindwa. Unakaa sehemu kumi, umewashuku wote, umepiga mahesabu, halafu sehemu ya mwisho analetwa pacha wa marehemu kutoka ng'ambo ambaye hakuwahi kutajwa. Nahisi nimedhulumiwa, kama mtu aliyenunua gunia la viazi Uyole akafika nyumbani akakuta chini yamejazwa mawe.

Naomba kwanza anayekijua kitabu hiki anisaidie. Pili, nambieni ninyi mnapimaje.

Mwanjelwa Kwetu

Dada Gangilonga, uzi mzuri sana huu. Kitabu sikijui. Ila kipimo chako nakipinga kidogo.

Mimi nimekulia kwenye riwaya za Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nikiwa kidato cha pili tulikuwa tunapokezana *Kufa na Kupona* darasani mpaka kikaisha kona zote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anatafuta nani kaua. Tulikuwa tunataka kuona Willy anatokaje alipobanwa, na tulikuwa tunapenda kwamba anapigania ukombozi wa Afrika, ni mtu wetu, anafanya kazi kubwa kama za majasusi wa Ulaya. Chana kurasa za mwisho za kitabu cha namna hiyo, msomaji hawezi kujua kitakachotokea, na bado kitabu ni kitamu. Utakiita kibovu?

Gangilonga

Hapana ndugu yangu, umenisahihisha vizuri. Nilichanganya mambo mawili. Willy Gamba ni ujasusi, chakula chake ni hatari. Ninazozisema mimi ni hadithi za fumbo, ambazo mwandishi ameniita nishindane naye. Akiniita mashindanoni aniwekee na mpira uwanjani.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Nawasalimu nyote. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, naomba nichangie kwa kirefu kidogo.

Hadithi ya fumbo la mauaji kama tunavyoijua leo watu huanza kuihesabu tangu mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipoandika juu ya mpelelezi Dupin wa Paris. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle akatokea mwaka 1887. Doyle alimchoka mtu wake akamuua mwaka 1893, wasomaji wakasononeka kama wamefiwa, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Kwetu sisi mlango ulifunguliwa na Mzanzibari Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilichapwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Bara tukampata Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo*, mwaka 1965, na Inspekta Wingo wake.

Kinachonivuta mimi kwa Bwana Msa ni Kiswahili. Anamhoji mtu kwa upole, kwa methali, anamwacha azungumze mpaka ajikwae kwa ulimi wake. Wanafunzi wangu walikuwa wakilalamika kwamba maneno ni magumu, na niliwaambia wasome kwa sauti. Ukisoma kwa sauti unasikia pale mtu anapobadilisha usemi, na mara nyingi uongo umejificha hapohapo. Hili televisheni haina namna ya kulifanya kwa ufundi uleule, maana mwigizaji akibadilisha sauti kila mtu ameshasikia.

Kuhusu haki kwa msomaji, dada yetu yuko sahihi na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1929 padri wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za hadithi hizi. Mojawapo inasema mpelelezi asipate dalili yoyote ambayo msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Nyingine inakataza mambo ya mizimu na nguvu za kiza. Na ipo kanuni inayohusu hata mapacha: wasitokee ila msomaji awe ameandaliwa.

Vwawa Asubuhi

Shikamoo mwalimu. Naheshimu sana ulichoandika, ila hapo kwenye nguvu za kiza ndipo ninapokwama. Kanuni hizo ziliandikwa Uingereza. Huku kwetu mtu mzima akifa ghafla, ni msiba gani umewahi kukaa ambao hakuna aliyesema karogwa? Ukiandika riwaya ya mauaji yanayotokea Mbozi au Rungwe, usitie mganga wala mzimu, umeandika juu ya watu gani? Mimi nasoma ili nione kwetu.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zito. Lakini mtazame Bwana Msa. Kifo kimetokea kwenye mzimu, watu wote wanauogopa, na mwandishi anaiweka hofu ile kitabuni bila kuidharau. Kisha anamtafuta mtu mwenye mikono miwili aliyetenda. Hofu ya mizimu imo, ila haitoi jibu.

Gangilonga

Naomba niongeze hapa, maana hili linanigusa.

Kwenye kitabu changu yupo mganga. Ukurasa wa 50 hivi familia inaita mpiga ramli, na ramli inamtaja karani wa duka. Watu wanamtoa karani nje, wanampiga mpaka anapoteza jino, na polisi ndio wanaomwokoa. Mpelelezi anafika kesho yake, anamkuta karani amekaa kizingitini anashikilia shavu, na anamwomba radhi kwa niaba ya mji mzima. Nilipokuwa mtoto nilidhani sehemu ile ni nyongeza tu. Nilipokua nikaelewa kwamba ndiyo moyo wa kitabu. Karani hakuwa na hatia.

Ramli ikimtaja mtu, anayepigwa ni mtu wa kweli. Mimi nimeona bibi wa kijiji cha jirani akihamishwa nyumbani kwake usiku na wanawe kwa sababu mganga alisema macho yake mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kuni. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, na bado tunajua hali ilivyo. Kwa hiyo ndugu wa Vwawa, mganga aingie kwenye riwaya, tena aingie na vibuyu vyake vyote. Lakini mwandishi akimfanya mganga ndiye anayemtaja muuaji na ikawa kweli, amewafundisha wasomaji kwamba yule bibi alistahili. Riwaya ya upelelezi inasema mtu asihukumiwe mpaka ionekane dalili ambayo hata wewe msomaji unaweza kuishika. Ndiyo maana naichukulia kwa uzito huu.

Vwawa Asubuhi

Nimekuelewa dada. Hapo umenifikisha.

Nyota wa Uyole

Mimi nina kibanda umiza hapa Uyole, naonyesha muvi na tamthilia za kutafsiriwa. Watu wanaketi kwenye mabenchi, siku za mechi mpaka mlangoni. Naomba niseme ninachokiona kila jioni.

Kwenye picha, kuficha dalili ni kazi ngumu kuliko kitabuni. Mwandishi anaweza kutaja vitu sita mezani, kisu kikiwa cha nne, na ukapita. Kamera ikikaa kwenye kikombe sekunde mbili zaidi, banda zima linapiga kelele, "Kikombe! Kikombe!" Hapo siri imeshatoka. Na kuna jambo la waigizaji. Anapotokea mtu maarufu, amepewa kasehemu kadogo ka jirani anayepita kusalimia, watazamaji wangu wanasema papo hapo, "Huyo hawezi kuja kusalimia tu." Na mara nyingi ndiye.

Lakini dada Gangilonga, kitabu unasoma peke yako. Kwangu watu arobaini wanafumbua pamoja. Kuna mama mmoja anauza ndizi stendi, huwa hakosei. Siri yake aliniambia: haangalii anayezungumza, anaangalia anayesikiliza. Mwigizaji anayejua kwamba yeye ndiye muuaji huwa anasikiliza kwa namna yake. Raha ya jambo hilo kitabu hakina.

Gangilonga

Huyo mama wa ndizi angefaa sana kuwa mpelelezi. Nakubali, hilo la kusikiliza sikuwahi kulifikiria, na nitaanza kuangalia hivyo.

Kwa picha, ninayoipenda kuliko zote ni *Columbo*, ile ya Marekani aliyoigiza Peter Falk. Ilianza kuwa mfululizo mwaka 1971. Wengi hapa mtasema inavunja kipimo changu, maana karibu kila mara unaonyeshwa muuaji mwanzoni kabisa. Unamwona anavyoua, anavyofuta alama, anavyojitengenezea ushahidi wa kuwa mahali pengine. Kisha anakuja huyu askari na koti lake la mvua lililokunjamana, anauliza maswali ya kijinga kuhusu viatu. Swali linabaki moja: atamkamataje? Na dalili atakayomkamatia umeshaiona kwa macho yako, ila hukujua ni dalili. Chana mwisho wake, bado unaweza kukaa ukatafuta kosa la muuaji liko wapi. Kwangu hiyo ni haki kamili.

Linganisheni na *Twin Peaks*, ya Marekani pia, ya mwaka 1990. Swali lilikuwa nani alimuua Laura Palmer, na watengenezaji hawakutaka kulijibu mapema. Kituo cha televisheni kikawasukuma, jibu likatolewa katikati ya msimu wa pili, watazamaji wakaondoka, na mwaka 1991 ikasimamishwa. Wapo wanaosema kosa lilikuwa kujibu. Mimi naona watu walikuwa wamefundishwa kusubiri jibu tu, na jibu lilipokuja hawakuwa na sababu nyingine ya kukaa.

Na kuna hizi hadithi za kwenye simu, unaletewa kipande, kinaishia mtu ameshika kitasa cha mlango, unaambiwa tuma hela upate kinachofuata. Nimetuma zaidi ya mara moja. Sehemu ya ishirini unagundua mwandishi mwenyewe hajui nani aliua. Riwaya ya fumbo inaandikwa na mtu anayejua mwisho kabla hajaweka neno la kwanza.

Mwanjelwa Kwetu

Hapo kwenye hadithi za simu umenena. Za magazetini zamani angalau ulikuwa unajua "Itaendelea" ni wiki ijayo, shida ilikuwa gazeti lenyewe lisipofika.

Mtu wa Kalenga

Mimi si msomaji sana wa riwaya ila uzi huu umenikumbusha fumbo la kwetu. Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijiua mwaka 1898 huko Mlambalasi ili asikamatwe, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu. Halikurudi. Mwaka 1953 Twining, gavana wa Tanganyika, akaenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen huko Ujerumani, akakuta mafuvu mengi yaliyotoka Afrika Mashariki. Atajuaje lipi ni la Mkwawa? Vipimo vya kichwa vililinganishwa na vya ndugu wa ukoo wake walio hai, na likatazamwa fuvu lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 fuvu likakabidhiwa Kalenga, na lipo mpaka leo.

Nilipopelekwa pale na shule nilisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo, mlinzi anaeleza, na nilijiuliza swali kama la dada: kwa dalili hizo mbili, mimi ningefika? Wapo wanaosema zinatosha, wapo wanaotaka zaidi. Babu yangu alikuwa anavua kofia kabla ya kuingia, hakutaka mjadala.

Gangilonga

Asante sana mtu wa Kalenga. Nimesoma mara mbili.

Makambako Stesheni

Habari za usiku huu. Nimechelewa kuuona uzi. Dada, kitabu hicho ninacho.

Ni cha marehemu baba. Changu nacho hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kinaanzia wa 9, kwa hiyo jina sijui hata mimi. Lakini mwisho upo wote, mpaka ukurasa wa 127. Nimekitoa kabatini sasa hivi. Mafuta ya taa yapo ukurasa wa 31 kama ulivyosema, na karani kapotezwa jino. Nikuandikie mwisho?

Gangilonga

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako nimesimama. Usiandike mwisho. Nijibu jambo moja tu: ni mdogo mtu, kwa ajili ya urithi wa duka?

Makambako Stesheni

Mtu umempata. Sababu hujaipata. Na sababu unayo, iko kwenye kurasa zako. Soma tena pale anapoelezwa barua alizokuwa anazisoma.

Gangilonga

Nimekesha. Ni saa tisa usiku.

Ukurasa wa 64, mpelelezi anazichukua barua za chuo kutoka chini ya mto wa kitanda. Barua zinasema ada ya muhula imepokelewa, mwanafunzi anaendelea vizuri. Kisha kuna sentensi moja: anageuza bahasha, anatazama muhuri wa posta, anairudisha mahali pake. Na muhuri umetajwa. Ni wa posta ya mji uleule.

Barua hazikutoka Dar es Salaam. Ameziandika mwenyewe na kuzitumbukiza posta ya palepale. Hakuna chuo, hakuwahi kusoma, na kaka yake amelipa ada miaka yote ile. Kaka aligeuza bahasha kama alivyoigeuza mpelelezi.

Nimeipita sentensi hiyo tangu mwaka 1996. Mafuta ya taa niliyaona kwa sababu yalikuwa maisha yangu. Nyumbani kwetu haikuwahi kufika barua hata moja, muhuri wa posta ningeujulia wapi?

Ndugu wa Makambako, Jumamosi nitapanda gari la asubuhi kutoka Iringa. Nitakuja na changu chenye kurasa za 5 mpaka 8, unakili hizo unazozikosa, na mimi nikae hata barazani kwako nisome hizo kumi na tano zilizobaki. Tafadhali mtu yeyote asiandike zaidi hapa mpaka nirudi.